Laptopu mpya, otomati ya zamani: wapi pa kutafuta kosa mawasiliano yanapogoma

Viwanda vingi vya Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi vina kabati la umeme ambalo ndani yake mna otomati (PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine) ya miaka ya 80 au 90 inayoendelea kuchapa kazi. Inawasha pampu, inasimamisha mkanda wa kubebea mawe, inafungua vali ya tindikali. Siku moja anafika mkandarasi na laptopu yenye programu mpya kabisa ya usanidi, anachomeka kebo, na kwenye skrini hakuna kitu. Hapo ubishi unaanza: vijana wanasema otomati imekufa, wazee wanasema laptopu ndiyo haijui kazi. Mara nyingi vyote viwili ni vizima, na kosa limekaa katikati: kwenye kebo, kwenye kigeuzi, kwenye Windows, au kwenye namna kila upande unavyohesabu.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, kwa sababu fundi huitwa kwa dalili. Chanzo hakuna anayemtajia. Mifano inatoka kwenye Siemens S5 na S7-300, Allen-Bradley PLC-5 na SLC 500, na vifaa vinavyotumia Modbus, lugha ya mawasiliano ya viwandani. Ukiwa na chapa nyingine, majina yatabadilika lakini njia ya kutafuta ni ileile.

Kabla ya kuchomeka kebo

Angalia betri kwanza. Kwenye S5 nyingi, programu imekaa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ya lithiamu. Betri ikiisha kisha umeme ukakatika, programu inafutika, labda tu kama kuna kikatriji cha EPROM (kumbukumbu isiyohitaji umeme) kilichochomekwa kwenye CPU, ubongo wa otomati, maana hapo itajisoma upya kutoka humo. S7-300 za mwanzo nazo zina betri. Zilizofuata zinatunza programu kwenye kadi ndogo ya MMC na hazihitaji betri. SLC 500 ina betri yake pia.

Kwenye kinu kimoja cha kusaga mawe nilimuuliza mzee anayeangalia chumba cha umeme:

"Papa, hii taa ya betri inawaka tangu lini?"

"Oh, mwanangu, tangu zamani. Inawakaka tu, haina shida."

Haikuwa na shida kwa sababu otomati ilikuwa nyuma ya UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika), na UPS hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa imeshikilia programu ya kinu kizima. Betri ya otomati hubadilishwa umeme ukiwa umewashwa. Anayezima kwanza ili afanye kazi kwa usalama anaifuta kumbukumbu palepale. Kwa hiyo, ukikuta taa ya betri inawaka, usizime chochote, usiombe mtu yeyote azime chochote, leta betri mpya, na soma programu kabla ya kugusa kitu kingine.

Kusoma kuna mtego wake. Programu zote hizi zina amri mbili zinazofanana: moja inaleta kutoka kwenye otomati kwenda kwenye laptopu, nyingine inapeleka kutoka kwenye laptopu kwenda kwenye otomati. Kwenye menyu za Kifaransa, ambazo ndizo laptopu nyingi za hapa zimewekewa, neno "charger" (kupakia) linatumika pande zote mbili. Soma sentensi nzima ya menyu, na soma dirisha linalofuata kabla ya kubofya OK. Mradi mtupu ukiupeleka kwenye otomati yenye kazi ya miaka 30, hakuna kitufe cha kuirudisha.

Jambo jingine: programu unayoisoma kutoka kwenye S5, S7-300 au SLC 500 inakuja uchi. Mantiki ipo, lakini majina ya alama na maelezo ya mafundi hayapo, maana hayo yalibaki kwenye kompyuta ya aliyeiandika. Tafuta diski za zamani kwenye droo za ofisi ya matengenezo. Tafuta karatasi. Kitabu cha programu kilichochapwa mwaka 1992, chenye mafuta na kona zilizoliwa na panya, kina thamani kuliko leseni mpya, kwa sababu ndicho pekee kinachosema anwani kama M 34.5 ni ya nini.

Na kama mashine inaweza kusogea, funga vikata umeme kwa kufuli kabla ya kujaribu lolote. Kitufe cha kusimamisha dharura kikate umeme kwa waya, kisitegemee mawasiliano unayoyatengeneza.

Dalili: programu haioni otomati hata kidogo

Swali la kwanza ni kama programu hiyo inakijua kizazi hicho. TIA Portal, programu mpya ya Siemens, haizungumzi na S5 kabisa, hata ukinunua leseni ya bei ya juu. CPU za S7-300 inazijua nyingi, ila si zile za mwanzo; namba ya oda iliyoandikwa mbele ya CPU, ile inayoanza na 6ES7, isipopatikana kwenye katalogi ya programu, rudi kwenye STEP 7 V5. Vivyo hivyo Studio 5000, programu mpya ya Allen-Bradley, haifungui SLC 500 wala PLC-5: ya kwanza inataka RSLogix 500, ya pili RSLogix 5. Wanunuzi wa ofisini hawajui hilo. Huona jina la chapa ni lilelile, wakalipa, kisha fundi analaumiwa.

Ukiwa na S5, STEP 5 ni programu ya enzi za DOS, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16. Dawa yake ni laptopu ya zamani au kompyuta pepe yenye Windows XP ndani ya laptopu mpya. Mimi ninapendelea laptopu ya zamani yenye tundu la serial la kuzaliwa nalo. Usiitupe, usiwape watoto wachezee, na usiiunganishe na intaneti, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia XP mwezi Aprili 2014. Ukichagua kompyuta pepe, kumbuka leseni za zamani ziliwekwa kwenye disketi au kwenye funguo za kuchomeka nyuma ya kompyuta. Kunakili faili la kompyuta pepe hakunakili leseni, na kunaweza kuipoteza.

Programu ikiwa sahihi, nenda kwenye kebo. Hapa ndipo nimeona muda mwingi ukipotea, kwa sababu matundu yanadanganya.

S5 ina tundu la pini 15 na inatumia mkondo wa miliampia 20, wala si volti za RS-232. Kebo ya kawaida ya serial, hata ukibadilisha kichwa chake, haitafanya kitu. Unahitaji kigeuzi kilichotengenezwa kwa ajili ya S5. Kasi ni 9600, pariti (biti ya kukagua makosa) ni shufwa.

S7-300 ina tundu la MPI (mtandao wa Siemens wa kuunganisha laptopu) lenye pini 9 ambalo ukilitazama ni tundu la serial kabisa. Ni RS-485 (mawasiliano ya nyaya mbili za data), na pini ya 7 ina volti 24, pini ya 2 ikiwa ni upande wake hasi. Kwenye RS-232 ya laptopu, pini hizohizo ni za mawimbi ya mawasiliano. Kebo ya serial iliyonyooka inapeleka volti 24 mahali zisipotakiwa. Tumia adapta ya MPI, anza na kasi ya kilobiti 187.5, na jaribu anwani ya 2 kwa CPU, maana ndiyo inayotoka nayo kiwandani.

SLC 5/03 nayo ina tundu linalofanana kabisa na la kebo ya mtandao. Si Ethernet, ni DH-485, mtandao wa Allen-Bradley wenyewe, na kwenye tundu hilo kuna umeme wa kulisha kigeuzi. Kijana akiona tundu hilo anachomeka kebo ya mtandao bila kufikiri, halafu anatafuta anwani ya IP isiyokuwepo. Ndugu yake SLC 5/05 ndiyo yenye Ethernet ya kweli. Soma maandishi yaliyo mbele ya CPU kabla hujaamini umbo la tundu. Kwenye 5/03 ni rahisi zaidi kupitia tundu lingine, lile la serial la pini 9, ambalo mara nyingi limewekwa itifaki ya DF1 kwa kasi ya 19200, na RSLinx, programu ya mawasiliano ya Allen-Bradley, ina kitufe cha kujitafutia vigezo yenyewe.

Kama kebo ni sahihi na bado kimya, angalia namba ya COM (namba ya tundu la serial) ambayo Windows imekipa kigeuzi chako cha USB. Programu nyingi za zamani zinaona COM chache tu za mwanzo. Windows ikikupa COM17, nenda kwenye kidhibiti cha vifaa, uibadilishe iwe COM1 au COM2. Ukikuta alama ya njano na kosa la "Code 10", kuna uwezekano mkubwa chipu ya kigeuzi ni bandia na draiva imeikataa. Sokoni vigeuzi hivyo vimejaa na bei yake inavutia. Nunua chenye chipu halisi ya FTDI, na ukikipata kinachofanya kazi, kiandike jina lako.

Dalili: inaunganika, inapotea, inaunganika tena

Hii ndiyo dalili inayochosha kuliko zote, na ina vyanzo vingi. Fuata mpangilio huu kwa sababu hatua za mwanzo hazigharimu kitu.

Chomoa chaja ya laptopu. Ifanye kazi kwa betri yake. Mawasiliano yakitulia palepale, chanzo ni tofauti ya umeme wa ardhi kati ya soketi uliyochomekea chaja na kabati la otomati. Hii hutokea sana pale ofisi inapolishwa na jenereta moja na mashine na chanzo kingine. Kwa siku ile endelea kwa betri. Kwa siku zote weka kigeuzi chenye kinga ya kutenganisha umeme.

Kisha angalia ucheleweshaji wa kigeuzi cha USB. Draiva ya FTDI hukusanya data kwa milisekunde 16 kabla ya kuikabidhi kwa programu. Itifaki za zamani zinahesabu muda kwa ukali: Modbus RTU inatambua mwisho wa ujumbe kwa ukimya wa muda wa herufi tatu na nusu. Ingia kwenye mipangilio ya juu ya tundu la COM, ubadilishe 16 iwe 1. Mara kadhaa kosa lote huwa limekaa hapo.

Baada ya hapo laini yenyewe. RS-485 inataka rezista kwenye ncha zote mbili na mahali pengine popote isiwepo. Zima vifaa, pima kwa mita kati ya nyaya mbili za data. Laini yenye rezista mbili za omu 120 itasoma karibu 60. Ukisoma 120, moja haipo. Ukisoma 40, kuna ya tatu mahali fulani katikati, mara nyingi kwenye kifaa kipya ambacho kimetoka dukani rezista yake ikiwa imewashwa. Kwenye PROFIBUS, mtandao mwingine wa viwandani unaopita kwenye RS-485, rezista ni za omu 220, kwa hiyo tarajia karibu 110. Vile viunganishi vya PROFIBUS vyenye kiswichi cha ON na OFF vina tabia moja ambayo watu huisahau: ukiweka ON katikati ya laini, kiunganishi kinakata upande unaotoka. Vifaa vyote vya mbele vinapotea kwa pamoja, na fundi anadhani vimeungua vyote. Na rezista hizo zinalishwa na kifaa cha mwisho. Kikizimwa kifaa hicho kwa matengenezo, laini nzima inaanza kuyumba.

Fungua viunganishi uvitazame kwa macho. Kwenye kumbi za elektrolisisi ya shaba hewa ina mvuke wa tindikali ya salfa, na mvuke huo hauchagui. Niliwahi kufungua kiunganishi cha pini 9 kilichokaa karibu na pampu za elektroliti: nje plastiki safi, ndani pini tatu zina ukoko wa kijani kama unga wa malakiti, na waya wa ngao umebaki nyuzi mbili. Asubuhi kukiwa na baridi kilikuwa kinagusa, mchana joto likipanda kinaachia. Hakuna programu inayokueleza hilo.

Halafu radi. Msimu wa mvua Katanga, tangu mwezi wa 11 hadi wa 4, laini ndefu zinazotoka jengo moja hadi jingine hupigwa, na chipu ya RS-485 inaweza kujeruhiwa bila kufa. Dalili yake ni kwamba kasi ndogo inafanya kazi na kasi kubwa haifanyi. Shusha kutoka 19200 hadi 9600 au 4800. Ikitulia, na laini na rezista zote ni nzima, badilisha kadi ya mawasiliano. Kati ya majengo, nyuzi za kioo zinamaliza ugonjwa huu na ule wa ardhi kwa pamoja, na ningezichagua hata pale meneja anaposema kebo ya shaba ipo tayari.

Chanzo cha mwisho hakihusu waya. CPU za zamani zinakubali miunganisho michache kwa wakati mmoja. Skrini ya opereta imechukua mmoja, mfumo wa usimamizi umechukua kadhaa, laptopu yako inataka mwingine. Anayechelewa anakataliwa, na akitoka mmoja mwingine anaingia, ndiyo maana inaonekana kama bahati nasibu. Funga programu ambazo watu wamesahau kuzifunga, kisha jaribu tena.

Dalili: inasoma vizuri, inakataa kuandika

Tazama ufunguo ulio mbele ya CPU. Kwenye PLC-5 na SLC 5/03 una nafasi za RUN, REM na PROG. Ukiwa RUN, programu haibadilishwi. Kwenye S7-300 za zamani RUN ni kusoma tu, RUN-P ni kusoma na kuandika. Ufunguo ukiwa umepotea, uliza kwa mlinzi wa ghala kabla ya kutafuta nenosiri.

Dalili: namba zinafika, lakini si zenyewe

Hapa mawasiliano ni mazima na kosa ni la tafsiri. Usibahatishe, chukua thamani moja unayoijua kwa hakika, mfano joto la digrii 25 ulilolipima kwa kipimajoto cha mkononi, uifuate njia nzima.

Kwenye Modbus, kosa la kwanza ni kuhama kwa nafasi moja. Vitabu vya zamani vinaita rejista ya kwanza 40001, lakini kwenye waya inasafiri kama 0. Programu moja inaanza kuhesabu 1, nyingine 0, na unajikuta unasoma shinikizo mahali pa joto. Ukiomba rejista ya mwisho ukapata kosa namba 02, ujue umepita ukingo kwa moja.

Kosa la pili ni mpangilio wa maneno ya namba zenye desimali. Namba ya biti 32 inagawanywa kwenye rejista mbili, na Modbus, iliyotoka mwaka 1979, haikusema ipi itangulie. Digrii 25.0 ni rejista mbili: 16840 na 0. Ukiona 16840 kwenye moja na 0 kwenye nyingine, data ni nzima kabisa. Lakini upande wa pili ukizipanga kinyume, skrini itaonyesha 2.36E-41, au 0 tupu kama imekata desimali. Watu hubadilisha sensa kwa ajili ya sifuri hiyo. Tafuta mpangilio wa kugeuza maneno kwenye programu mpya, ubadilishe mara moja, basi.

Ukiona 37 mahali unapotarajia 25, hiyo ni BCD: kifaa cha zamani kimeandika tarakimu 2 na 5 kila moja kwenye biti nne zake, na programu mpya imeisoma kama namba ya kawaida. Vihesabio na vipima muda vya Siemens vya zamani vina tabia hiyo.

Kama pembejeo 0 hadi 7 ziko sawa na kuanzia hapo kila kitu kimehama kwa mbili, una PLC-5. Anwani zake za pembejeo na matokeo ni za mfumo wa nane: baada ya 07 inafuata 10, hakuna 8 wala 9. Hata namba za vituo kwenye DH+, mtandao wa PLC-5, ni hivyohivyo, kwa hiyo kituo kilichoandikwa 10 kwenye kabati ni cha 8 kwa hesabu yetu ya kila siku. SLC 500 haina tabia hiyo, na kwenye kiwanda chenye zote mbili watu huchanganyikiwa vibaya.

Ukihamisha kutoka S5 kwenda S7, anwani ya data inazidishwa kwa mbili: S5 inahesabu maneno, S7 inahesabu baiti. DW 10 ya zamani ni DBW 20 mpya. Jedwali la anwani lililoletwa na msimamizi wa mfumo wa zamani likinakiliwa bila kuzidishwa kwa mbili, nusu ya thamani zitaonekana za kweli na nusu za uongo, na hiyo ni mbaya kuliko zote kuwa za uongo.

Mwisho vipimo vya analogi. Ishara ya miliampia 4 hadi 20 inakuwa 0 hadi 27648 kwenye S7-300, na 3277 hadi 16384 kwenye moduli za kawaida za SLC 500. S5 inasukuma thamani kushoto na kuacha biti tatu za mwisho kwa ajili ya kuonyesha hali ya kipimo, kwa hiyo ukizisahau hizo biti tatu tangi linaonekana limejaa mara nane. Andika mizani ya kila kifaa kwenye karatasi, kisha pitisha miliampia 12 kwa kifaa cha kurekebishia. Isiposoma nusu kamili, mizani haijakaa.

Dalili: jana ilifanya kazi, leo OPC imekataa

Uliza kama Windows imejisasisha. OPC ya zamani (njia ya programu za Windows kusoma data za otomati) inapita kwenye DCOM (mfumo wa Windows wa programu kuongea kati ya kompyuta), na Microsoft iliikaza DCOM hatua kwa hatua hadi tarehe 14 Machi 2023, ilipoondoa uwezekano wa kulegeza tena. Kompyuta iliyokuwa haijaunganishwa na intaneti kwa miaka, ikaunganishwa wikendi moja tu, inaweza kuamka Jumatatu imenyamaza. Fungua kitabu cha matukio cha Windows: namba 10036 upande wa seva, 10037 au 10038 upande wa mteja. Ukiziona, acha kuchezea kuta za moto.

Ushauri wa kulegeza rejistri ya Windows bado unazunguka. Umepitwa na wakati. Kinachodumu ni kuondoa DCOM kwenye mtandao: weka kitafsiri cha OPC UA (OPC mpya isiyotumia DCOM) kwenye kompyuta ileile yenye seva ya zamani, seva na kitafsiri viongee humo ndani, na kinachotoka nje kiwe OPC UA.

OPC UA nayo ina vyeti (vitambulisho vya kidijitali), na vyeti vinaangalia saa. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kompyuta ikiandaliwa Kinshasa, ikaletwa huku, mtu akaisogeza saa mbele kwa mkono bila kubadilisha ukanda wa saa, basi kwa hesabu ya saa ya dunia imekwenda mbele kwa saa nzima. Cheti kitakachotengenezwa hapo kitaonekana kwa mashine nyingine kuwa bado hakijaanza kutumika. Kinakataliwa, fundi anahangaika, na baada ya saa moja kinakubaliwa chenyewe. Weka ukanda sahihi, kisha saa, kisha ndipo utengeneze cheti. Kama saa inarudi miaka ya nyuma kila kompyuta ikizimwa, ni kibetri cha kwenye ubao wake.

Dalili: ping (jaribio la kuita kifaa mtandaoni) inajibu, lakini kila kitu kizito

Kadi za Ethernet za zamani ni za megabiti 10 na hazijui kujadiliana na swichi. Swichi iliyoachwa kwenye hali ya kujichagulia itashuka yenyewe hadi megabiti 10 za kupokezana, na mambo yatakwenda. Matatizo yanaanza mtu anapoilazimisha swichi kuongea na kusikia kwa wakati mmoja akidhani anaongeza kasi: ping ndogo zinapita, data kubwa inagongana. Rudisha swichi ijichagulie. Matundu mengine ya swichi mpya hayashuki hadi 10 kabisa. Hapo weka swichi ndogo ya kawaida katikati.

Na waombe watu wa informatiki wasipitishe programu za kuchungulia mtandao upande huo. Otomati ya umri ule inaweza kusimama kwa kuulizwa maswali mengi isiyoyaelewa.

Dalili: majaribio yote yamepita, umeme ulipokatika mashine ikasahau

Hii huja baada ya kuhamisha programu ya S5 kwenda S7, na mara nyingi huonekana mkandarasi akiwa keshaondoka. Kwenye S5-115U, baiti 0 hadi 127 za alama za ndani zinaweza kubaki na thamani zake umeme ukikatika. S7-300 inatoka kiwandani ikitunza baiti 16 tu, MB0 hadi MB15. Hatua ya mzunguko iliyokuwa imeandikwa kwenye baiti ya 40 inarudi sifuri, vali inadhani ndiyo mwanzo wa kazi, na tangi lililokuwa nusu linaanza kujazwa upya.

Kuna pacha wake: CPU mpya inazunguka programu kwa kasi kubwa kuliko ya zamani. Fundi wa zamani aliyehesabu muda kwa idadi ya mizunguko badala ya kipima muda ameacha bomu humo ndani. Kinachopaswa kuchukua sekunde mbili kinachukua sehemu ndogo ya sekunde. Swichi za mitambo zinazotetemeka nazo zinahesabiwa mara mbili au tatu, kitu ambacho CPU ya polepole ilikuwa haikioni. Tafuta kwenye programu vihesabio vinavyoongezeka bila sharti la nje, na weka kichujio cha muda kwenye pembejeo zinazotoka kwenye swichi za mitambo.

Kwa upande wa kumbukumbu, fungua mali za CPU (Properties) kwenye programu ya usanidi, sehemu ya utunzaji, uongeze idadi ya baiti hadi ifunike zile programu ya zamani inazozitegemea. Idadi kubwa inayoruhusiwa inategemea aina ya CPU. Kisha, wakati mkandarasi bado yuko na hajasainiwa karatasi yake, kata umeme wa kabati katikati ya mzunguko, mara ya kwanza mashine ikiwa tupu, mara ya pili ikiwa na mzigo, na uangalie inaamkia hatua gani.